Walimu wananiletea wanafunzi, somo hawaniletei. Nianzie wapi?

Mkutubi wa Newala

Habari za asubuhi wanajukwaa, na wakubwa zangu wote shikamooni.

Naandika kutoka Newala, huku juu uwandani, na sasa hivi ukungu umeingia hadi ndani ya maktaba kwa sababu madirisha mawili hayana vioo. Nimesoma diploma ya ukutubi pale Bagamoyo, kwenye chuo cha Bodi ya Huduma za Maktaba, na huu ni mwaka wangu wa tatu katika shule ya sekondari ambayo sitaitaja jina. Mimi si mwalimu. Nalisema mapema kwa sababu shida yangu inaanzia hapo hapo.

Nilipofika nilikuta vitabu ndani ya maboksi sakafuni, mchwa wameshapanda hadi boksi la tatu. Nilitumia miezi mitano kuvipanga. Kila kitabu nimekiingiza kwenye rejesta, nikakipiga muhuri, nikakiandikia namba ya Dewey kwa mkono: sayansi 500, fasihi 800, historia na jiografia 900. Vitabu 1,340, na hakuna hata kimoja ambacho sijakishika. Nilikuwa naamini kabisa kwamba rafu zikikaa vizuri, walimu watakuja wenyewe.

Wanaokuja ni wanafunzi. Kiranja wa Kidato cha Pili B anabisha hodi: "Madam, mwalimu wa Hesabu amesafiri, mwalimu wa zamu amesema tukae huku." Watoto 54, hawana kazi yoyote mkononi, na mimi sijui wako kwenye mada gani. Siku nyingine naletewa waliochelewa namba waje wafute vumbi kama adhabu. Hili la adhabu linaniumiza kuliko yote. Mtoto aliyeijua maktaba kwa kitambaa cha vumbi, siku akitaka kusoma atakuja vipi?

Lakini kilichonifanya niandike leo ni jambo la mwezi wa tatu. Kengele ya mapumziko ililia, mara nikaona mlango umejaa. Kidato cha Tatu wote, mikondo miwili, karibu wanafunzi 90. Wanataka "kitabu cha Majimaji". Ninavyo vitabu vinne tu vyenye sura ya maana kuhusu vita hiyo. Nikamuuliza wa mbele:

"Mwalimu kawaambia mtafute nini?"

"Kasema tutafute Majimaji."

"Mtafute nini kuhusu Majimaji?"

"Kasema tu tutafute, tuandike, tukusanye kesho."

Mapumziko ni dakika 20. Waliowahi walifungua kitabu wakanakili aya ya kwanza neno kwa neno. Waliokuwa nyuma wakanakili kwenye madaftari ya waliowahi. Kitabu kimoja kilichanika mgongo. Kesho yake niliyaona madaftari yamepangwa mezani kwa mwalimu, yana tiki nyekundu, na yote niliyoyafunua yalianza na sentensi ile ile, pamoja na kosa la herufi lililokuwa kwenye kitabu.

Nilikosa amani siku hiyo. Majimaji kwa watoto wetu si habari ya mbali. Pamba iling'olewa Nandete, Umatumbi, huko Kilwa, mwezi Julai 1905. Vita ikafika Liwale, ikafika Masasi, ambako kituo cha misheni kilishambuliwa mwaka huo huo. Masasi! Watoto hawa wana mashangazi Masasi, wanakwenda huko likizo. Ningeambiwa wiki moja kabla ningetafuta ramani, ningetoa kopi za kurasa chache, ningeomba vitabu maktaba ya mkoa kule Mtwara. Lakini taarifa nilipewa na kengele.

Nikalipeleka kwenye kikao cha walimu. Nilipewa nafasi kwenye mengineyo, saa kumi na nusu jioni, watu wameshafunga madaftari. Nikasema naomba tushirikiane. Mwalimu mmoja mkongwe, ninayemheshimu sana, akanijibu kwa upole: "Mkutubi, wazo ni zuri, ila sisi tuna mada za kumaliza kabla ya mock." Mkuu akanishukuru, tukafunga kwa sala.

Swali langu ni kwa mliofanikiwa. Mlianzaje? Naomba msiniambie "uongozi utoe mwongozo". Nataka kujua mlimwendea nani kwanza, mlimwambia maneno gani, na mliingiza wapi jambo hili kwenye ratiba ambayo imeshajaa.

---

Mwalimu wa Baiolojia, Nachingwea

Dada mkutubi, pole na kazi. Mimi ni mmoja wa hao walimu, kwa hiyo nitajibu nikiwa upande wao.

Nina vipindi 26 kwa wiki na madaftari ya mikondo mitatu. Nikisikia "tushirikiane" naona kikao kingine na fomu nyingine. Halafu kuna jambo ambalo walimu hatulisemi: wengi wetu hatujui ndani ya maktaba ya shule yetu kuna nini. Mtu hawezi kupanga somo kwa vitabu asivyovijua. Na kuuliza tunaona haya, maana tumezoea kuulizwa sisi.

Mkutubi wa shule niliyokuwa zamani hakuniomba chochote. Tulikuwa kwenye chai, akaniuliza wiki ijayo nafundisha nini. Nikamwambia fangasi. Keshokutwa yake nikakuta mezani kwangu vitabu viwili, kila kimoja kina kikaratasi kwenye ukurasa unaohusika, na juu yake kijitabu chembamba cha Naliendele, kile kituo cha utafiti wa kilimo kule Mtwara, kuhusu ubwiriunga.

Kwa wasio wa huku kusini: ubwiriunga ni ugonjwa wa mkorosho, ule unga mweupe unaokaa kwenye maua na majani machanga majira ya baridi. Ndio unaowafanya wazazi wetu wahangaike na salfa kila mwaka. Na ule unga ni fangasi. Mimi kwa miaka 6 nilikuwa nafundisha fangasi kwa mfano wa mkate ulioota ukungu, mbele ya watoto ambao karibu kila nyumba yao ina mikorosho. Haikuwahi kunijia. Yeye, ambaye hajasomea Baiolojia, ndiye aliyeiona, kwa sababu kile kijitabu alikuwa amekiandikia namba mwenyewe.

Tulipanga chini ya mwembe, dakika 15 hazikufika. Nikamwambia nataka watoto watoke wakijua sifa za fangasi na namna wanavyopata chakula wakati hawana klorofili. Akaniambia, "Mwalimu, hawa hawajui kutumia faharasa, ile orodha ya maneno na kurasa zake mwishoni mwa kitabu. Wanafungua kitabu ukurasa wa kwanza, wanatafuta hadi kengele inalia." Sikuwa najua. Basi tukagawana vipindi pacha, dakika 80. Dakika 20 za mwanzo alifundisha yeye namna ya kuingia kwenye kitabu kwa kupitia yaliyomo na faharasa. Zilizobaki zilikuwa zangu. Yeye hakuondoka wakati wangu, na mimi sikuondoka wakati wake. Hili lishike sana. Siku mwalimu atakapokuletea darasa akarudi ofisini kusahihisha, jua kwamba bado hamjaanza.

Kulikuwa na tatizo la lugha pia. Mtoto anajua kuvu, anajua ubwiriunga, kitabu kinazungumza Kiingereza. Anakwenda kwenye faharasa anatafuta kwenye herufi K. Mkutubi alishaliona hilo mapema. Alikuwa ameandika karatasi ya maneno kama 20 ya mada ile, Kiswahili upande huu, Kiingereza upande ule, na kila meza ilikuwa na nakala yake. Karatasi hiyo naitumia mpaka leo.

Ilikuwa mwezi wa saba, wanafunzi wakaleta majani yenye ule unga kutoka mashambani kwao. Mmoja akabisha: "Mbona baba anapuliza salfa kabla unga haujaonekana?" Tukakitafuta kijitabu sote watatu, mimi, yeye na mkutubi, na jibu likapatikana: salfa hukinga zaidi kuliko inavyotibu. Huyo mtoto sasa yuko chuo cha kilimo.

Ushauri wangu ni mmoja tu. Kwa mwalimu aliyechoka usipeleke ombi. Mpelekee kitabu kikiwa kimeshafunguliwa kwenye mada yake.

---

Mkuu wa shule mstaafu, Masasi

Marahaba mwanangu.

Umesema hutaki habari za uongozi. Naomba univumilie, kwa sababu nilikuwa kwenye uongozi na nilikosea, na kosa langu linaweza kukusaidia.

Mwaka wangu wa pili kama mkuu niliamuru kila mkondo uwe na kipindi kimoja cha maktaba kwa wiki. Kikaandikwa kwenye ratiba, kikabandikwa ubaoni. Nikaona nimemaliza kazi. Muhula haukuisha, kipindi kile kikawa cha kupumzikia walimu. Watoto wanakaa maktaba, mkutubi analinda, mwalimu yuko ofisini au amekwenda mnadani kuuza korosho zake. Sikuwalaumu. Nilikuwa nimewapa saa lakini sikuwapa kazi ya kufanya ndani ya saa hiyo.

Kilichokuja kufanya kazi kilikuwa kidogo sana. Kila mwalimu huandika azimio la kazi, yaani mpango wa mada zake wiki kwa wiki, na kulikabidhi kwa mtaaluma, mwalimu anayesimamia masomo. Nikaagiza nakala moja ya ziada iende maktaba. Basi. Mwalimu hakuongezewa hata mstari mmoja wa kuandika. Mkutubi akawa na mafaili ya maazimio yote, akijua mwezi wa pili wiki ya tatu Kidato cha Kwanza wako wapi katika Jiografia, Kidato cha Nne wako wapi katika Uraia.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penye siri. Kwenye azimio kuna safu ya zana, halafu kuna safu ya rejea. Walimu wengi hawaipendi safu ya rejea. Wanaijaza kitabu kile kile cha kiada kuanzia Januari hadi Novemba, na wathibiti ubora wakija wanaliona hilo na kuliandika. Mkutubi wetu akaanza kupita kwa walimu na penseli: "Mwalimu, kwenye wiki hii nina kitabu kingine, niandike?" Nani atakataa? Alikuwa anawapunguzia mzigo wao wenyewe. Mwaka wa pili wakaanza kumfuata wao.

Wewe huna mamlaka ya kuagiza, lakini nakala ya azimio unaweza kuiomba kwa mtaaluma leo. Hiyo haihitaji kikao.

---

Mkutubi wa Newala

Mzee wangu, nimetoka kusoma ujumbe wako nikaenda moja kwa moja kwa mtaaluma. Amenipa faili lote nikatoe kopi. Nimefungua azimio la kwanza, safu ya rejea ni kitabu kimoja wiki 30 mfululizo. Na ninavyo vitabu vingine saba vya somo hilo, vimekaa rafuni havijawahi kuazimwa.

Mwalimu wa Nachingwea, hili la kumpelekea mtu kitabu kilichofunguliwa nimelichukua. Nitarudi.

---

Mwalimu wa Kiswahili, Tandahimba

Naongeza jambo ambalo hamjaligusa: woga wa vitabu kupotea. Shule niliyopo sasa, kitabu kikipotea mikononi mwa darasa mwalimu ndiye anayelipa. Ndiyo maana vitabu vya fasihi viko kwenye kabati la idara, kabati lina kufuli, na ufunguo ninao mimi. Dada yangu mkutubi huenda anadhani namdharau. Naogopa kulipa.

Mkitaka walimu watoe vitabu makabatini au wapeleke vitabu vya maktaba darasani, malizeni kwanza habari hii. Sisi tulikubaliana kuwa na rejesta ndogo ya kuazimia darasa zima: vitabu vinahesabiwa vikitoka, kiranja anasaini, vinahesabiwa vikirudi kabla kengele haijalia, mkutubi na mimi tukiwa wote mlangoni. Tangu tuanze hatujapoteza hata kimoja, na kufuli nimeliondoa.

---

Mkutubi, Lindi mjini

Mwenzangu wa Newala, nimesoma habari ya yale madaftari na kosa la herufi nikahisi ni maktaba yangu unayoisema.

Tulipokuwa chuoni tulisomeshwa Ilani ya Maktaba za Shule ya UNESCO na IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, ile ya 1999. Inasema wazi kwamba mkutubi na mwalimu wakifanya kazi pamoja wanafunzi hupanda katika kusoma, kujifunza na kutatua matatizo. Tukasomeshwa pia utafiti wa Colorado, Marekani, wa Keith Curry Lance na wenzake, uliotoka 1993. Uliona kwamba wanafunzi wa shule ambazo mkutubi anashiriki kufundisha walielekea kupata matokeo ya juu zaidi. Nilikuwa nadhani nikimwonyesha mkuu wangu karatasi hizo mambo yatanyooka. Hayakunyooka, na sasa naelewa kwa nini. Mwalimu wa Lindi hana habari na Colorado. Ana Kidato cha Pili C saa nne na nusu.

Ila utafiti huo ulinisaidia mimi mwenyewe kujua naelekea wapi, maana kuna kushirikiana kwa aina tofauti na zote tunaziita kwa jina moja. Mwalimu akituma mwanafunzi akuletee kitabu, mmesaidiana. Mkipatana darasa lije Jumatano, mmepangiana muda. Mkikaa kabla, mkaandika swali pamoja, mkafundisha wote wawili, kisha mkasahihisha wote wawili, hapo ndipo mmefanya kazi pamoja. Mimi miaka minne nilikuwa kwenye aina ya kwanza nikajiona nimefika.

Mfano wangu mmoja. Mwalimu wa Jiografia alikuwa na mada ya miamba na visukuku. Lindi tuna Tendaguru, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913 na kuisafirisha kwao. Kiunzi kimoja kimesimama makumbusho ya Berlin, kina urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Kazi ya zamani ilikuwa "eleza maana ya kisukuku". Tulipokaa pamoja tukaibadilisha: "Mifupa ya Tendaguru ilihifadhika vipi ardhini, na ilifikaje Berlin?" Nusu ya swali ni ya Jiografia, nusu ya pili ikamvuta mwalimu wa Historia bila kuitwa. Wanafunzi walipima mita 13 uwanjani kwa kamba, wakailaza kuanzia goli la juu. Mpaka leo wananiuliza lini tutarudia.

Kwa hiyo unapokutana na yule mwalimu wa Majimaji, usianze na vitabu vyako vinne. Anza na swali lake.

---

Mkutubi wa Newala

Nimerudi, ni wiki tatu sasa. Niwaeleze yote, mazuri na yasiyo mazuri.

Mwalimu wa Historia ni kijana, ana miaka miwili kazini. Sikumfuata ofisini mbele ya wenzake. Nilimkuta anasubiri maandazi pale kwa mama wa kantini. Nilikuwa na kile kitabu kilichochanika, nimeshakishona mgongo kwa uzi wa viatu, na ndani nimeweka vikaratasi vitatu. Nikamwambia, "Mwalimu, kwenye azimio lako naona unarudi kwenye harakati za kupinga wakoloni kabla ya mtihani. Nimekuwekea kurasa." Alikishika kile kitabu, akapapasa uzi. Akaniambia ukweli bila mimi kumuuliza: siku ile alikuwa amechelewa mada mbili, alitoa kazi ya kutafuta ili apate usiku mmoja wa kusahihisha. Nilimwelewa. Na mimi nikamwambia kwamba niliumia.

Tulikaa maktaba jioni, baada ya michezo. Kama alivyosema mwenzangu wa Lindi, tulianza na swali. Tuliliandika tukalifuta mara nne. La mwisho likawa hili: "Watu wa Nandete walianza kwa kung'oa pamba. Kwa nini pamba, na si kitu kingine cha Mjerumani?" Chini yake tukaongeza la pili: "Kitabu chenu kinasema nini ambacho kitabu cha kundi la jirani hakisemi?" Hili la pili ni langu. Alisita, akasema watoto hawajazoea kulinganisha vitabu. Nikamwomba tujaribu.

Ijumaa, vipindi pacha, mkondo mmoja tu, wanafunzi 46. Meza nane. Vitabu vyangu vinne, viwili nilivyoazima maktaba ya mkoa Mtwara, na meza mbili zilikuwa na kopi za kurasa. Ramani ya kusini niliichora mwenyewe kwenye karatasi ya manila: Kilwa, Liwale, Lindi, Masasi, Newala. Dakika 15 niliwaonyesha faharasa, na kila meza ilikuwa na karatasi ya maneno kama ile ya Nachingwea. Kisha mwalimu akaingia na swali lake.

Makundi mawili yalianza kunakili kama kawaida. Yalifika aya ya pili yakakwama, kwa sababu aya ile haikuwa na jibu la "kwa nini pamba". Ikabidi wafungue mbele zaidi: mashamba ya lazima, malipo madogo, viboko vya maakida. Msichana mmoja alisimama akasema pamba ilikuwa inawala wakati wa kulima chakula chao wenyewe. Mwalimu alimwangalia, kisha akaniangalia mimi.

Halafu meza ya tatu na ya tano zikagombana. Kitabu kimoja kimeandika vita ilianza Julai, kingine Agosti. Kila upande unasema cha kwao ndicho sahihi. Mwalimu alitaka kuwapa jibu, nikamwomba kwa macho asubiri. Wakasoma tena, wakagundua kimoja kinahesabu tangu pamba kung'olewa Nandete na kingine kinahesabu tangu mapigano yalipoenea. Walifurahi kama waliofunga goli. Miaka mitatu ya kukaa kwenye chumba kile sijawahi kusikia kelele za namna hiyo, na sikuzinyamazisha.

Yasiyo mazuri: muda haukutosha. Kengele ililia makundi matatu hayajaandika hata mstari. Meza iliyo karibu na dirisha lisilo na kioo watoto walikuwa wanatetemeka kwa baridi, wakaangalia picha tu. Mkondo wa pili bado haujaja, na mwalimu amebakiwa na wiki moja. Tumekubaliana safari ijayo faharasa niifundishe siku ya kabla, ili dakika zote 80 ziwe za swali.

Kusahihisha tulifanya pamoja. Alama 20, yeye 16 za historia, mimi 4 za kuangalia kama wametaja kitabu na ukurasa, na kama wameandika kwa maneno yao. Alinipa kalamu nyekundu. Sijawahi kushika kalamu nyekundu katika shule ile. Kati ya makundi matano yaliyomaliza, hayakuwepo mawili yaliyoanza na sentensi moja.

Jumatatu iliyofuata, mapumziko, alikuja msichana mmoja peke yake. Alitaka kitabu kinachoeleza zaidi habari za Masasi, kwa sababu bibi yake anatoka huko na kuna mambo huwa anasimulia. Nilimpa wiki mbili badala ya moja.

Kwa mwalimu wa Tandahimba: ile rejesta ya darasa nimeianzisha, na mwalimu wetu wa Fasihi ameniletea vitabu 22 vilivyokuwa kabatini kwake. Waliochelewa namba bado wanaletwa kufuta vumbi, hilo sijalimaliza. Nimemwomba mwalimu wa zamu awape kazi ya bustani, amesema atafikiria.

Na nina shida mpya. Mwalimu wa Jiografia alisikia zile kelele za Ijumaa, amekuja mwenyewe. Anataka Kidato cha Kwanza wajifunze kusoma ramani Alhamisi ya wiki ijayo, na tumeshaandika swali. Nina atlasi 6, mbili zimeliwa na mchwa kuanzia Ulaya kwenda mbele. Kuna shule jirani inayoweza kuniazima kwa wiki moja tu?

---

Mkuu wa shule mstaafu, Masasi

Nimepita shule yangu ya zamani asubuhi hii. Zipo 9, wametoa 8, moja wanaitumia. Nitampa kondakta wa basi la Newala kesho asubuhi, zimefungwa kwenye kiroba, jina lako liko juu. Ndani kuna rejesta ndogo, hesabu na usaini kabla kondakta hajaondoka.

---

Mkutubi wa Newala

Nitakuwa stendi kabla basi halijafika. Asante mzee wangu. Naja na mwalimu wa Jiografia, amesema anataka kuhesabu na yeye.